Nguzo Zilizoota Majani

Kagugu, Kigali
2 Septemba 2024

Dada yangu Veronica,

Shikamoo. Najua utaiitikia kwa kununa, kwa kuwa nimekaa miezi saba bila kukuandikia. Naomba radhi. Sina udhuru wa kutosha. Gwiza aliniambia nikupigie simu yaishe, lakini unaujua msimamo wangu: simu ni ya kuulizana kama mtu amefika salama. Jambo lenye uzito huandikwa, likapewa tarehe na likatiwa sahihi.

Sisi hatujambo. Binti yangu Gwiza bado anafanya kazi katika ofisi ile ya Kinyinya, bado anasema lugha tatu katika sentensi moja, na bado hajaolewa, ingawa aliniomba nisikutajie hilo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Barua hii analeta Jeremiah, dereva wa lori la mchele. Mpe chai, ila usimwache akae sana, maana akishiba husahau kilichomleta.

Sasa jambo lenyewe. Tangu shemeji alipofariki unaishi peke yako huko Bukoba, katika nyumba yenye ngazi, na miguu yako si ya ngazi tena. Hilo halifai. Nataka uje uishi hapa. Kiwanja hiki ni chetu sote wawili. Nitakujengea chumba chenye choo chake na mlango usio na kizingiti. Tatizo ni moja tu: mahali palipobaki pa kujenga ni kona ya mashariki, na kona ile ina mti wa mdogo wetu.

Huhitaji kuelezwa ni mti gani. Unajua kwamba mwaka tisini na nne, walipomwua yeye na mkewe na watoto, waliichoma nyumba, kisha wakaukata na mti, kana kwamba nao ulikuwa wa ukoo wetu. Unajua kwamba niliporudi kutoka Tanzania nilikuta kisiki chenye machipukizi matatu, na hapakuwa na kingine cha kukuta. Leo mimi na Gwiza tukiunganisha mikono hatuwezi kuuzunguka. Kila Aprili majirani hukusanyika chini yake, nami hutoa hotuba.

Hata hivyo, mti ni mti na dada ni dada. Naomba ruhusa yako niukate. Jibu kwa neno moja: ndiyo au hapana.

Mdogo wako,
Mugenzi


Bukoba
11 Oktoba 2024

Mdogo wangu Mugenzi,

Marahaba. Nimeiitikia bila kununa, ujue.

Jeremiah wako alifika, akanywa chai vikombe vitatu, akala ndizi sahani nzima, akanishukuru, akaondoka na barua yako mfukoni. Aliikumbuka akiwa Biharamulo. Ilinifikia safari yake iliyofuata, ina harufu ya mchele na mafuta ya breki. Sikumkaripia. Anacheka vizuri yule kijana.

Mimi mzima. Ngazi ninazipanda kinyumenyume, nimekaa, kama mtoto anayejifunza. Kwaya wamenipa cheo cha mlezi, maana yake nisiimbe tena. Kuku wangu wawili wameibwa na mmoja amerudi mwenyewe.

Chumba chenye mlango usio na kizingiti ni wazo zuri. Umefikiria kukipaka rangi gani? Nyeupe inachafuka. Na dirisha litaangalia wapi? Halafu niambie, wale ndege wenye kelele bado wanalala juu ya huo mti, au walihama? Na Gwiza ana umri gani sasa?

Msalimie sana.

Dada yako,
Veronica


Kagugu, Kigali
4 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Ndege hawajahama. Gwiza ana miaka thelathini na sita. Rangi ni ya kijivu.

Nilikuomba neno moja. Umeniandikia ukurasa mzima na neno hilo halimo. Kwa kuwa hukusema hapana, nilichukulia kwamba matawi angalau naruhusiwa, ili fundi akija na msumeno asianguke nayo. Nikazungumza na Connie, mama anayeongoza mudugudu, yaani mtaa wetu, naye akakubali kwamba umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ufanyike kwetu.

Walikuja na mapanga, vijana kwa wazee. Nilisimamia mwenyewe. Niliwataka wakate kwa mistari iliyonyooka, na watu wa hapa, hata wakikuona unawasumbua, huitika kwa adabu kisha hufanya wanavyojua. Mti umebaki kama mgonjwa aliyenyolewa hospitalini. Nilipouangalia jioni niliona haya kwa niaba yake.

Kuni nilikataa zisichomwe. Hilo lisingependeza. Nikawaambia majirani wachukue matawi kwa matumizi ya heshima. Mutesi, jirani wa kushoto mwenye banda la mishikaki, alichukua fimbo nyingi ndefu za kuegemezea maharage yake. Ilyasi, mtu wa Kigoma mwenye duka mkabala nasi, alichukua nguzo nene ya kusimamishia kibao chake. Mzee Hakizimana alichukua za zizi la mbuzi. Waliobaki walichukua za wigo, za kamba za nguo, na moja imesimama mbele ya kanisa bila mtu yeyote kujua inafanya kazi gani.

Mvua ilianza saa ileile. Goti langu lilikuwa limeonya.

Nauliza kwa mara ya pili. Ndiyo au hapana?

Mugenzi


Kagugu, Kigali
20 Januari 2025

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Imechelewa kwa sababu nilikuwa nikingoja jibu lako, ambalo halijaja. Jeremiah anaapa kwamba alikukabidhi barua ya Novemba mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamwuliza bei ya mchele. Nimeamua kumwamini nusu.

Gwiza hajambo. Mimi mwilini sijambo. Hadhi yangu, hata hivyo, ni mgonjwa mahututi.

Matawi yameota.

Nilipaswa kulijua. Mti wetu ni umuvumu, ambao babu zetu waliutumia kujengea wigo, kwa sababu nguzo yake mbichi ukiichomeka ardhini mvua ikanyesha, inashika mizizi na wigo wote unakuwa hai. Kila mtu aliyekulia kwenye vilima hivi analijua hilo. Lakini mimi na wewe, tofauti na mdogo wetu aliyebaki huku, tulikulia ukimbizini Karagwe tukinukuu ubao, na majirani zangu wamekulia Kampala, Dodoma na Goma. Mtaa mzima ulichomeka miti hai ukidhani umechomeka kuni.

Hili peke yake lingekuwa jambo la kuchekesha. Aprili iliyopita, hata hivyo, mwishoni mwa hotuba yangu, nilitamka mbele ya watu wote kwamba kila kitokacho katika mti huu ni kumbukumbu, na kwamba asikiguse mtu bila idhini ya familia. Connie aliliandika. Watu wa hapa wakiandikiwa jambo, wanalitii.

Kwa hiyo wanakuja kuomba idhini.

Wa kwanza alikuwa Mutesi. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, sikuyasahihisha.

“Mwarimu, mwaramutse. Marehemu wako iko naota kwa maharage yangu.”

“Unasemaje?”

“Ameota majani. Maharage imemupanda mpaka juu. Sasa nimekuja kuuliza: nivune, ama niache? Sitaki watu waseme Mutesi anachuma maharage kwa mwili ya mutu.”

Nilimwambia avune. Akauliza kama anaweza kuyauza. Nilimwambia auze. Akauliza kama ayauze kwa bei ya kawaida. Nilifunga mlango.

Akafuata Ilyasi, ambaye Kiswahili chake ni safi, na kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

“Mwalimu, mimi na marehemu hatuna ugomvi, Mungu amrehemu. Lakini ameota mbele ya kibao. Amelifunika neno Duka. Mpita njia anasoma ‘la Ilyasi’, anasimama, anajiuliza, la Ilyasi nini? Jana mtu ameingia kuuliza kama hapa ni kaburi.”

Mzee Hakizimana ndiye aliyekuwa na swali gumu zaidi. Mbuzi wake wamezila nguzo mpaka kimo cha shingo zao, na mmoja wao Mutesi anamtaka kwa mishikaki ya Jumapili.

“Sasa Muzehe, mbuzi amekula kumbukumbu. Mutu akila mbuzi, amekula nini?”

Nilimwuliza, yeye aliyezaliwa hapahapa na hakuwahi kwenda popote, mbona hakutuonya siku ile kwamba miti itaota. Akanishangaa.

“Nilifikiri ni mupango yako. Nilisema, huyu Mwarimu anamupanda ndugu yake kwa mutaa muzima. Nikaona ni vizuri.”



Connie ameniomba niandike masharti, watu wajue mipaka. Nimeandika ibara tano. Ibara ya kwanza inaruhusu kuvuna. Ya pili inawasamehe mbuzi. Ya tatu inapiga marufuku kabisa kuanika nguo juu ya nguzo hizo, kwa kuwa hata aibu ina kiwango chake. Asubuhi moja nilikuta soksi za mtu.

Nakuuliza kwa mara ya tatu. Fundi amekwisha kuja mara mbili na msumeno wake. Ndiyo au hapana?

Mugenzi


Bukoba
16 Februari 2025

Mugenzi wangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya mlezi mwenzangu wa kwaya, na tumecheka mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Aliniuliza huyo ndugu yako ni mchekeshaji? Nikamwambia, hapana, ndiyo maana.

Jeremiah anasema kweli. Niliisoma nimesimama. Kukaa kulikuwa hatari.

Nina homa kidogo, si ya kukutisha. Ngazi nimeziacha. Nalala sebuleni kwenye kochi la marehemu mume wangu, na sasa najua kwa nini alikuwa akiamka amekasirika.

Lakini ibara yako ya tatu, ndugu yangu! Umepiga marufuku kuanika nguo. Wewe! Ulikuwepo! Umesahau, au umejisahaulisha? Mdogo wetu alipokuja Bukoba kwenye harusi ya mwanangu wa kwanza, ule mwaka alipopata kibali cha kuvuka mpaka kwa siku kumi, si alitueleza sote mezani? Alisema amejenga nyumba Kagugu na hana pa kuanika suruali. Alikuwa na suruali mbili, moja mwilini, moja kambani. Akakata mti, akauchomeka uani, akafunga kamba. Mvua ikanyesha, mti ukaota. “Sasa suruali yangu imepata kivuli,” akasema, “haikauki tena. Nakwenda kazini na suruali ya maji, wakubwa wanafikiri nimevuka mto kwa ajili ya kazi.” Wewe ulicheka chai ikakutoka puani. Mama akakufuta kwa kanga yake.

Na kila Aprili unasimama chini ya mti huo, Gwiza amenisimulia, unasema kwamba marehemu aliupanda “kwa jicho la kuona mbali”. Aliupandia suruali, Mugenzi! Sibomana aliupandia suruali.

Haya, nimeliandika jina lake. Nimeliangalia mara mbili. Nitaliacha hivyohivyo.

Niandikie zaidi habari za mbuzi.

Dada yako,
Veronica


Kagugu, Kigali
25 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini homa imeondoka na kwamba umerudi kitandani. Gwiza anakusalimu. Mvua ni nyingi, na nguzo ya Ilyasi imekuwa ndefu kuliko duka.

Barua yako ya Februari iliniudhi, na nilikusudia kutoijibu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliyekufa vile anastahili kupewa sababu nzuri zaidi ya suruali. Miaka thelathini nimempa sababu hiyo, na haijamdhuru mtu.

Sasa nitakueleza yaliyotokea, kwa kuwa si haki uyasikie kwanza kwa Gwiza.

Tulikutana chini ya mti kama kila mwaka. Matawi mapya yamefunga, hutajua kama mti ulinyolewa. Nilitoa hotuba yangu. Nilipofika kwenye jicho la kuona mbali niliiona sura yako, nikakohoa, nikaruka sentensi mbili. Nilipomaliza, Gwiza akasimama bila kuniuliza, akasema, “Kila mwaka tunasikia alivyokufa. Mimi sikumjua. Waliomjua watuambie alivyoishi.”

Nilikuwa nafungua mdomo kufunga kikao, mara Mzee Hakizimana akanyanyuka na fimbo yake.

Kumbe Hakizimana alipooa, Sibomana ndiye aliyempelekea posa. Siku ya kwenda kwa wakwe, familia ya Hakizimana ilimweka ndugu yetu awe msemaji wa upande wa mwoaji, kwa sababu ya ule ulimi wake. Unajua shughuli zile: wasemaji wawili wanashindana kwa maneno matamu, watu wameketi, pombe iko mbele, na asiyejua kujibu anaaibisha ukoo. Sibomana alisema vizuri kuliko redio, Hakizimana anatuambia, ila alikuwa amesahau jina la bibi harusi. Hamwulizi mtu. Anapenyeza jicho, anasikia mwanamke mmoja nyuma akimwita mwenzake, anakamata jina hilo, anasonga nalo. Anamsifu huyo binti: macho yake, mwendo wake, mikono isiyochoka, uzao atakaoleta. Upande wa pili wanatazamana. Msemaji wao naye ni mjanja, hataki kuonekana ameshindwa, anakubali! Anasema, “Tumempa.” Na pale nyuma ananyanyuka mwenye jina lenyewe, nyanya wa bibi harusi, mama wa miaka themanini, anafunga mkanda wake vizuri, anasema yuko tayari, aletewe viatu.

“Nilikuwa bwana harusi wa nyanya!” akapiga kelele Hakizimana. “Walizungumuza mpaka jioni kunitoa kwa ile ndoa! Na ule mama alikataa kukaa chini! Mpaka anakufa aliniita mume wangu, na kila Noeli nilimupelekea sukari!”

Dada, walicheka. Chini ya mti ule, mwezi wa Aprili. Kwanza mtoto wa Mutesi, kisha Mutesi akijaribu kumnyamazisha, kisha Connie, ambaye ni kiongozi na alikuwa na kalamu mkononi. Ilyasi alishika kifua. Hakizimana mwenyewe alikuwa akicheka na machozi yanamshuka, na hakuna aliyeweza kusema yapi yalikuwa ya nini.

Mimi sikucheka. Niliinama kufunga kamba za viatu. Gwiza alininong'oneza kwamba viatu vyangu havina kamba. 

Baada ya hapo hawakuondoka. Mwaka mwingine wowote, hotuba ikiisha, kila mtu huchukua kiti chake. Safari hii walikaa mpaka jua likazama, na watatu zaidi walisimulia, na zote hazisimuliki mbele ya mchungaji.

Hujanipa neno lako. Fundi amekuja tena.

Mugenzi


Bukoba
19 Mei 2025

Mugenzi,

Hapana.

Haya, neno lako hilo. Sasa nisikilize.

Barua yako niliisoma mara nne. Sikujua habari ya yule bibi. Miaka yote nilikuwa na habari yake moja tu mpya, ile mliyonipa mwaka tisini na nne, na habari hiyo ilikuwa imezila nyingine zote. Nilikuja mara moja, mwaka uliofuata, nikaona kisiki, nikapanda basi siku ileile. Wewe ulisema nimechoka na safari. Nikakuacha useme hivyo. Sikurudi, na hukuwahi kuniuliza, na nilikushukuru kwa kutoniuliza.

Halafu ukaniomba ruhusa ya kuukata. Ningesema ndiyo, ningelala usiku kucha juu ya mizizi yake. Ningesema hapana, ningekuwa nimejifungia mlango mwenyewe, nife kwenye ngazi hizi. Nikakuuliza rangi.

Lakini nimekaa kwenye hili kochi nikafikiri. Mugenzi, umeniomba ruhusa mara tatu, kwa maandishi. Wewe! Baiskeli yangu uliiuza bila kuniomba. Ulibadilisha jina la mbwa wangu bila kuniomba. Ulimwambia shemeji yako siku ya harusi yangu kwamba siwezi kupika, na ruhusa hukuomba. Mtu kama wewe akitaka kukata mti, anaukata, kisha anaandika barua yenye tarehe. Ulitaka nikukatalie. Umehangaika miezi minane unamwandama dada yako akukatalie.

Nimekukatalia. Pumua.

Lililobaki ni pa kulala. Gwiza amenipigia simu, usimgombeze. Nilimwuliza nyumba ya baba yako ina vyumba vingapi. Akasema vitatu: cha baba, cha kwake akija wikendi, na cha tatu. Nikamwuliza nani analala cha tatu. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwuliza tena. Akasema, “Shangazi, kimejaa karatasi.”

Karatasi gani, Mugenzi?

Karatasi zina chumba chenye dirisha. Mimi nalala kwenye kochi.

Nataka kuja. Si kwa ajili ya goti lako. Nataka kukaa pale walipocheka, nimsikie Hakizimana mwenyewe, na mimi nieleze ya suruali mbele yako, usitoroke.

Dada yako,
Veronica


Kagugu, Kigali
14 Juni 2025

Dada yangu Veronica,

Shikamoo.

Neno lako lilifika Jumatano. Fundi alikuwa uani na msumeno, kwa mara ya nne, na subira yake ilikuwa imekwisha.

“Muzehe, tunakata nini leo?”

“Hatukati.”

“Hata kidogo?”

“Hata jani.”

Akauangalia mti, akaniangalia mimi. “Nimekuja na musumeno toka Gatsata. Hakuna hata meza moja?”

Nilimpa chai akaenda zake. Kisha nikaketi chini ya mti kwa muda ambao sitautaja.

Ni kweli. Nilitaka unikatalie. Kila asubuhi nikifungua dirisha ninauona, na kila asubuhi nimekuwa nikijiambia kwamba mtu mwenye akili hamwachi dada yake apande ngazi kinyumenyume kwa ajili ya mti. Kuukata sikuweza. Kusema siukati nikakuacha huko pia sikuweza, kwa kuwa ningekuwa nimemchagua Sibomana aliyekufa na kukuacha wewe uliye hai. Nikakutupia wewe. Haikuwa adabu, na nimejua hivyo tangu Septemba.

Connie alitusomea ibara zangu katika mkutano wa umuganda, tukapiga kura. Nguzo zote zinabaki ziliposimama, na kila mwenye nguzo ataipogoa mwenyewe. Ilyasi amekihamisha kibao. Mutesi amepanga viti vyake chini ya kivuli cha nguzo za maharage, na wateja wameongezeka. Ile ya mbele ya kanisa imegundulika inafaa kufungia pikipiki. Ibara ya tatu imefutwa kwa kura zote, pamoja na yangu. Mtaa mzima sasa umeanika nguo, na upepo ukivuma inaonekana kana kwamba tunajisalimisha kwa jeshi fulani.

Sasa kuhusu chumba cha tatu. Gwiza hakupaswa kusema. Chumba hicho hakijajaa karatasi, kina hifadhi. Mna insha za mitihani za wanafunzi wangu tangu mwaka elfu moja mia tisa themanini na tano, zimefungwa kwa kamba kwa mpangilio wa mwaka na darasa. Watoto wale sasa ni watu wazima wenye vitambi na mikopo ya benki. Baadhi ya insha bado sijamaliza kuzisahihisha, na kuna watu huko nje ambao kwa kweli hawajui kama walifaulu.

Nimeingia na utepe. Kitanda kinaenea iwapo mafungu yote ya ukuta wa kaskazini yatatoka. Iwapo utaleta na kochi, kama ninavyohofia, yatatoka na ya kusini. Mutesi ameyaomba kwa kuwashia mkaa. Nimemkatalia kwa ukali. Ilyasi ameyaomba kwa kufungia karanga. Nimemwambia nitafikiri, kwa kuwa angalau mnunuzi atasoma anapokula. Hakizimana amesema mbuzi wake hawachagui. Gwiza anataka turudishie wenyewe insha zao, mtu kwa mtu, na tayari amempata mmoja Kinyinya, afisa wa mipango miji, ambaye amekiri kwamba insha ile aliandikiwa na dada yake. Nimempunguzia alama.

Huu ni uamuzi mzito kuliko ule wa mti, na siwezi kuufanya kwa haraka. Naomba usikate tiketi mpaka nikujulishe.

Gwiza anasoma nyuma ya bega langu, jambo ambalo nimemkataza tangu utotoni. Anasema umekwisha kukata, ni ya basi la Ijumaa, na kochi linakuja na Jeremiah juu ya mchele.

Nitakuandikia mara nitakapokuwa nimeamua. Nina hakika barua hiyo na wewe mtapishana mpakani Rusumo.

Mdogo wako,
Mugenzi